Kukaranga au kukaanga? Bifteki na viazi katika kikaangio kimoja

Ukisikiliza mabishano ya wanafunzi wa Fakulte yetu, utasikia hoja moja ikirudi kila mwaka: Kiswahili kinafaa kwa hadithi, methali na mahubiri, lakini ukifika kwenye kemia, kwenye vipimo, kwenye maelezo ya kazi hatua kwa hatua, sharti urudi kwenye Kifaransa. Hoja hiyo ni ya uzito, kwa sababu ndiyo inayotumika pia kutuzuia tusiandike kazi zetu za mwisho wa masomo katika lugha tunayoisoma. Badala ya kuijibu kwa hotuba, nimeamua kuipima kwa kazi ndogo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuikagua jikoni mwake: kueleza kwa Kiswahili jinsi ya kupika bifteki na viazi katika kikaangio kimoja, kwa muda usiozidi dakika arobaini na tano, pamoja na sababu ya kila hatua. Tutaona wapi maneno yanatosha na wapi yanapungua.

Kwanza jina lenyewe la chakula. Tunasema bifteki tukidhani tunasema Kifaransa. Wafaransa waliandika bifteck wakiiga beefsteak ya Waingereza. Lakini beef hiyo ya Waingereza ilitoka kwa Wafaransa wenyewe, katika neno bœuf, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Neno likavuka bahari, likarudi nyumbani limevaa nguo nyingine, kisha Wabelgiji wakatuletea. Sehemu ya pili, steak, ina asili ya Kinorwe cha kale: steik, nyama iliyochomwa juu ya kijiti, na ni ndugu wa neno la Kiingereza linalomaanisha fimbo na kudunga. Hapa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika asipite haraka. Kitenzi chetu kuchoma kina maana mbili: kudunga (mwiba umenichoma) na kuunguza kwa moto (nyama ya kuchoma). Wanaofanya kazi ya kulinganisha lugha za Kibantu wanaonyesha kwamba maana ya kudunga ndiyo ya kale. Watu wa kaskazini ya Ulaya na watu wa Afrika ya Mashariki, bila kuulizana, walitoka kwenye kijiti wakafika kwenye moto. Mishikaki inayouzwa kando ya barabara zetu jioni ni ushahidi tosha.

Ila bifteki ya kikaangio haichomwi, wala haitokoswi. Inakaangwa. Kitenzi hiki ndicho kiini cha makala haya.

Hapa Kivu wengi husema kukaranga. Mara nyingi nimeona neno hilo likipigwa mstari mwekundu katika kazi za wanafunzi, na juu yake kuandikwa kukaanga, kana kwamba mwanafunzi amepotoka. Tuangalie majirani. Kinyarwanda na Kirundi: gukaranga. Kiluba na Ciluba: kukalanga. Lingala: kokalinga. Umbo la kale la Kibantu lilikuwa na sauti ya katikati, l au d, kati ya irabu mbili. Kiswahili cha pwani kiliiangusha sauti hiyo mahali hapa, kama kilivyoiangusha katika maneno mengine mengi, na irabu mbili zikabaki zimesimama pamoja: kaanga. Zile a mbili tunazoandika ni alama ya konsonanti iliyoondoka. Mtu wa Bukavu anayesema kukaranga hajaharibu kitu. Ama amehifadhi, ama (na hili naliona ndilo linalowezekana zaidi) amerudishiwa umbo la kale na lugha za nyumbani kwake. Kwa vyovyote, mstari mwekundu unasahihisha umbo la kale kwa umbo jipya. Na hata pwani, neno lenyewe halikupotea lote: zao tunaloliita karanga, na ambalo wenzetu wa Katanga huliita kalanga, limebaki na sauti yake.

Karanga hizo zinatusaidia pia katika maana. Ukimuuliza mtu kukaanga ni nini, atajibu: kupika kwa mafuta. Lakini karanga hukaangwa kavu, katika chungu au sufuria, bila tone la mafuta. Bisi pia, na buni za kahawa pia. Kwa hiyo mafuta si sehemu ya lazima ya maana. Adrienne Lehrer, katika makala yake ya mwaka 1969 kuhusu semantiki ya mapishi, alipanga vitenzi vya upishi kwa sifa bainifu: kuna maji au hakuna, kuna mafuta au hakuna, moto unagusa chakula moja kwa moja au unapitia kwenye chombo. Tukifanya hivyo kwa Kiswahili tunapata mpangilio mzuri. Kutokosa: maji yapo, chombo kipo. Kuchoma na kubanika: maji hayapo, chombo hakipo, chakula kinautazama moto. Kuoka: joto linazunguka pande zote. Kukaanga: chombo kipo, maji hayapo. Mafuta ni msaidizi tu, anayejaza nafasi kati ya chuma na chakula ili joto lifike sawasawa.

(Kutokosa nako kunastahili sentensi moja. Kunatokana na kutokota, kama vile kutakasa kunavyotokana na kutakata: t imekutana na kiambishi cha kale cha kusababisha, ikageuka s. Majirani zetu wanasema gutogota na gutogosa. Mwenye mtihani wa mofolojia wiki hii ameshapata mfano wake.)

Sasa, kwa nini kukosekana kwa maji kuwe jambo kubwa kiasi cha kugawa vitenzi? Hapa kemia inaingia, na haihitaji kubadili lugha. Mwaka 1912 mwanakemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza kinachotokea pale asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini, zinapokutana na sukari katika joto: zinaungana, zinavunjika, zinaungana upya, na kuzaa mamia ya vitu vyenye rangi ya kahawa na harufu ile inayomfanya jirani abishe mlango. Jambo hilo huenda kwa kasi kuanzia kiasi cha nyuzi 140 za Selsiasi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, tena hapa kwetu hayafiki huko: Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka karibu na nyuzi 95. Maadamu uso wa nyama una majimaji, joto lote linatumika kuyageuza kuwa mvuke, na uso haupandi juu ya kipimo hicho. Nyama inakuwa ya kijivu, imetokoswa ndani ya kikaangio. Aliyetenga kutokosa na kukaanga alikuwa ametenga dunia ya chini ya nyuzi 100 na dunia ya juu yake, karne nyingi kabla ya kipimajoto.

Tofauti hiyo ya mwinuko inaeleza pia kwa nini viazi vya kutokosa vinachelewa hapa kuliko Matadi, bandari iliyo karibu na usawa wa bahari. Mafuta hayana shida hiyo. Kikaangio cha Bukavu kinapata moto sawa na kikaangio cha Matadi, na hiyo ni sababu nzuri ya mwanafunzi mwenye makala machache kukaanga viazi badala ya kuvitokosa.

Tuje kwenye viazi. Kiswahili sanifu kinasema kiazi mviringo au kiazi ulaya, kwa sababu kiazi pekee kilikuwa tayari na wenyewe: kiazi kitamu, kiazi kikuu. Hapa tunasema birayi, kwa njia ya majirani: ikirayi, ibirayi. Ulaya kwa Kinyarwanda ni Uburayi. Weka maneno hayo mawili kando kwa kando, ondoa viambishi ngeli, na shina linalobaki ni moja. Mimi naona birayi na viazi ulaya ni wazo lilelile, vitu vya Ulaya, limepita katika ngeli tofauti. Na Ulaya yenyewe ni neno la Kiarabu la wilaya, yaani jimbo. Jambo la kuchekesha ni kwamba kiazi hicho si cha Ulaya hata kidogo. Kilifugwa na wakulima wa milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kukiona. Tulikipa jina la aliyekibeba.

Kwa watu wawili chukua gramu 600 za birayi, yaani vitano vya kiasi, na gramu 400 za nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Kitunguu kimoja kikubwa, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, vijiko vinne vya mafuta, nusu ya limau. Kiazi chenye rangi ya kijani kwenye ngozi kiondoe sehemu hiyo yote kwa kina, pamoja na machipukizi, maana hapo pana solanini, sumu ya mmea huo. Kikiwa kijani sehemu kubwa, kitupe bila huruma.

Nyama ndiyo yenye maneno mengi zaidi sokoni. Ng'ombe anayefika Kadutu mara nyingi ametembea sana maishani mwake, na msuli uliofanya kazi una kolajeni nyingi, ule utando mweupe unaoshikilia nyuzi za nyama. Kolajeni inalainika na kugeuka utelezi, lakini kwa saa nyingi za moto mdogo. Dakika nne za kikaangio haziifanyi chochote. Kwa hiyo omba file ukiweza kuilipa, au sehemu ya mgongoni karibu nayo. Usipoweza, una silaha mbili. Ya kwanza ni kisu: tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzivuka, vipande vyembamba vya sentimeta moja, ili jino likutane na nyuzi fupi. Ukikata kwa kufuata nyuzi, utatafuna kamba. Ya pili ni papai bichi: utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja protini, na nusu saa ya kupaka nyama maji ya papai bichi inatosha. Ukiacha usiku kucha, uso wa nyama unakuwa kama uji.

Sasa moto. Vitabu vya Kifaransa vinakuambia uzungushe kitufe hadi moto wa kati, kisha moto mkali. Mbabula haina kitufe. Jina lake, kwa njia, ni la kwetu kabisa: Kinyarwanda imbabura, kutoka kubabura, ndugu wa kubabua kwa Kiswahili, kuunguza juujuu. Lakini mbabula ina maisha: makala yanashika polepole, yanafika kilele chekundu, yanafifia. Mapishi haya yanafaa kwa sababu yanaweza kufuata maisha hayo bila kupigana nayo. Viazi vianze wakati moto unapanda, nyama iingie kwenye kilele, vitunguu na mchuzi vifuate wakati moto unashuka. Mwenye reshó ya umeme anaweza kuiga mpangilio huohuo, kama umeme utakubali.

Menya viazi, vikate vipande vya sentimeta moja na nusu, vioshe mara mbili hadi maji yasiwe meupe. Weupe huo ni wanga, na wanga ukibaki juu ya vipande utavigandisha pamoja na kushika chini. Kisha, na hapa watu wengi huharakisha, vikaushe kwa kitambaa safi. Utakuwa umeshaelewa sababu. Tia vijiko vitatu vya mafuta katika kikaangio, vikipata moto mwaga viazi, visambaze viwe tabaka moja, tia chumvi, funika. Kwa dakika nane au kumi vinaiva kwa mvuke wao wenyewe: wanga wa ndani unalainika kati ya nyuzi 60 na 70, haudai zaidi. Vigeuze mara moja tu. Kisu kikipenya bila kulazimishwa, funua. Kuanzia hapo mvuke unaondoka na kukaanga kwenyewe kunaanza. Viache dakika tatu au nne bila kuvigusa, vigeuze, viache tena. Jumla dakika kumi hivi, hadi pande nyingi ziwe na rangi ya kahawa. Mwenye mkono usiotulia, anayekoroga kila saa, atapata viazi vilivyopondeka na vyeupe. Viweke kando kwenye sahani, vifunike kidogo tu, maana ukivifunika kabisa mvuke utavilainisha ukoko.

Nimesema ukoko. Wakati wa kutayarisha makala haya nilitafuta neno la ule uso mgumu wenye rangi ambao Maillard anatupatia, na nilikuwa tayari kukubali kwamba halipo. Lipo. Kila mtoto aliyewahi kugombania chini ya sufuria ya wali analijua. Tunalihamisha tu kutoka kwenye wali kwenda kwenye nyama.

Nyama ikaushwe kama viazi. Chumvi itie dakika arobaini kabla au papo hapo kabla ya kukaanga. Katikati ya nyakati hizo chumvi imeshavuta maji juu na bado hayajarudi ndani, na unajua maji yanafanya nini. Ongeza kijiko cha mafuta kilichobaki. Utajuaje kwamba kikaangio kiko tayari? Kwa sikio. Gusisha ncha ya kipande: kikisema chwaa! kwa nguvu, weka. Kikinong'ona tu, subiri. Tanakali sauti ndiyo kipimajoto cha mama zetu, na si cha kudharau, kwani sauti ile ni maji yanayopasuka kuwa mvuke mara moja. Ikizama, ujue kikaangio kimepoa na maji yanaanza kukusanyika. Ndiyo maana vipande vinawekwa vichache vichache, vikiachiana nafasi, hata ikibidi kukaanga kwa awamu mbili. Dakika mbili upande mmoja bila kuvisogeza, dakika mbili upande wa pili.

Utasikia watu wakisema kwamba moto mkali unafunga nyama ili maji yasitoke. Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika kitabu chake cha mwaka 1847, na limeishi kuliko yeye. Si kweli, na ushahidi uko masikioni mwako: kama ukoko ungefunga maji, sauti ya chwaa ingekoma baada ya ukoko kuonekana. Haikomi. Tunatafuta ukoko kwa ajili ya ladha, basi.

Hapa ndipo Kiswahili kinabanwa kidogo. Kifaransa kina ngazi za kuiva kwa nyama: bleu, saignant, à point, bien cuit. Roland Barthes aliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuliandikia insha, katika Mythologies ya mwaka 1957, ambamo bifteki na viazi vinakuwa alama ya taifa zima na damu inakuwa nguvu. Sisi tuna mbichi na mbivu, na kitenzi kuiva kinachotumika kwa nyama, kwa ndizi na hata kwa jipu. Mtu anaweza kusema nyama yenye damu, lakini atakuwa amedanganya mara mbili: kwanza ile nyekundu si damu, ni mayoglobini, protini ya msuli inayohifadhi oksijeni, pili, kwa masikio yetu maneno hayo ni lawama kwa mpishi. Sidhani huu ni upungufu wa lugha. Msamiati unafuata mahitaji, na jikoni kwetu nyama nusu mbichi ilikuwa hatari, kwa sababu ya tegu anayekaa katika misuli ya ng'ombe asiyekaguliwa. Mpaka ujue nyama yako imepita kwa daktari wa mifugo, iva iwe iva: pasibaki wekundu ndani. Vipande vya sentimeta moja vinafika huko bila kukauka. Siku tukihitaji ngazi za katikati, mbichimbichi na mbivumbivu zipo, na uradidi ni mali yetu.

Toa nyama, iweke juu ya viazi. Moto sasa umeshuka. Tia kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba katika mafuta yaliyobaki, dakika nne, kisha kitunguu saumu na pilipili manga, nusu dakika. Mimina robo ya glasi ya maji. Ndiyo, maji, yale tuliyoyafukuza tangu mwanzo. Kazi yake sasa ni kinyume, kuubandua ukoko ulioshika chini ya kikaangio. Kwangua kwa mwiko wa mti hadi chini pawe safi na maji yawe mchuzi mzito wa kahawia. Kamua limau, rudisha nyama na viazi, geuza mara mbili, ipua. Usiache vikae humo, maana viazi vitaanza kunywa mchuzi na ukoko wake utalegea.

Chakula hicho ni cha kuliwa papo hapo. Sombe iliyobaki mchana inaweza kukisindikiza. Na makala yaliyosalia katika mbabula, kama ulifuata mpangilio, yanatosha kuchemsha maji ya chai ya watu wawili.